Wanaleta sahani, wewe unataja muvi: tulivyokula na kubishana Mikocheni

Sahani ya pili ilipofika, meza zote zikaanza kuandika hapohapo. Ilikuwa baga tu, nyama mbili, chizi, saladi, kitunguu, achari ya matango, na karibu kila mtu akaandika Pulp Fiction kwa sababu ya ile baga anayoionja Samuel L. Jackson kabla hajaanza kumwaga risasi. Na sisi tulishaandika. Mjomba ndo akatuzuia, akaivuta sahani kwake, akapitisha kidole juu ya mkate taratibu kama mtu anayekagua kitambaa Kariakoo, akasema, "Futeni. Huu mkate hauna ufuta." Tukamwangalia. "Kwahiyo mjomba?" "Kwahiyo hii ni Coming to America, ile baga ya mzee McDowell, si alikuwa anajitetea pale kwamba yeye hajaiga mgahawa wa watu, wenzake mikate yao ina ufuta na ya kwake haina."

Alikuwa sahihi. Pointi tatu, na ukumbi mzima ni sisi na meza moja tu kule nyuma tuliozipata.

Ngoja nieleze ni kitu gani maana nimeulizwa sana. Kuna mgahawa Mikocheni, jina silitaji kwa sababu nina ya kuwasifia na nina ya kuwalaumu, na nataka wapate nafasi ya kurekebisha. Mara moja kwa mwezi, Ijumaa jioni, wanafanya usiku wa muvi na misosi. Meza moja mwisho watu watano, elfu arobaini kwa kichwa, kinywaji unajilipia. Zinakuja sahani nane ndogondogo bila jina wala maelezo, mna dakika tatu za kuonja na kunong'onezana alafu mnaandika kwenye karatasi ni muvi gani. Mkipata muvi ni pointi mbili, mkitaja na nani alikila au alikipika mnaongezewa moja. Simu zote zinakaa kwenye kikapu katikati ya meza mpaka mwisho. Kitimoto hamna kabisa, wametangaza mwanzoni kabla mtu hajauliza, hilo nimelipenda sana maana mezani kwetu kuna wasiokula na hawakulazimika kumuuliza mhudumu kila sahani.

Tulikuwa wanne, mimi, mdogo wangu, binti wa dada yetu ambaye ndo amemaliza form six, na mjomba. Mjomba ni mtu wa Bukoba, alikuja Dar kijana, na ujana wake wote umepita kwenye vibanda umiza vya Manzese, benchi la mbao, tivii moja, mkanda umetazamwa mpaka picha inapiga chenga. Tulimchukua tukijua anakuja kula tu. Kumbe yeye ndo alikuwa ameangalia zile muvi kwa macho yote mawili, kwa sababu wakati huo mkanda ukiwa mmoja mnaurudia wiki nzima, na ukiurudia wiki nzima unaona mpaka ufuta kwenye mkate.

Sahani ya kwanza ilikuwa nyepesi mno, glasi yenye mayai matano mabichi imewekwa ya kuangalia, pembeni mayai ya kuchemsha ya kula. Rocky, 1976, Stallone anaamka alfajiri anayanywa alafu anatoka kukimbia. Hakuna aliyekosa.

Ya tatu ndo walinionyesha kwamba anayepanga hizi sahani ana akili. Jeli. Jeli tu kwenye kijisahani, mtu atajuaje muvi kwa jeli? Mhudumu akaiweka, hakuondoka, akagonga meza kwa ngumi mara mbili taratibu, jeli ikatetemeka. Binti yetu akashika kalamu fasta kabla hata mimi sijaelewa. Jurassic Park, yule mtoto wa kike ana kijiko mkononi, anaanza kutetemeka na jeli inatetemeka nae, na wewe unayeangalia unajua mnyama ameshaingia ndani kabla hujaonyeshwa. Muvi ya 1993, huyu binti hata hajazaliwa. Jina la mtoto hatukulikumbuka (ni Lex) kwahiyo tukapata mbili, lakini ile ngumi mbili kwenye meza nimeisimulia kwa kila mtu niliyekutana nae tangu siku hiyo.

Na hapa ndo nataka nikae kidogo, maana nimefikiria sana nikirudi nyumbani. Kuna chakula kinachopita tu kwenye muvi, watu wamekaa mezani wanaongea, mbele yao kuna kuku, ungeweka samaki isingebadilika kitu. Alafu kuna chakula kinachobeba muvi, ukikitoa stori inaanguka. Usiku kama huu unapendeza pale sahani inapokuwa ya aina ya pili, kwa sababu hapo hubahatishi, unakumbuka, na ukishakumbuka unaanza kusimulia wenzako na meza inachangamka. Sahani ya nne ilikuwa hivyo, tambi za kuchemsha za bei rahisi zimechanganywa na vipande vya nyama laini ya gharama. Parasite ya Bong Joon-ho, 2019. Mama mwenye nyumba yuko barabarani anarudi, anapiga simu tambi zimkute tayari, pakiti mbili za aina tofauti anazokula yeyote yule, lakini kwa sababu ni watu wenye hela juu zirushiwe steki ya hanwoo, ng'ombe wa Kikorea wa bei mbaya. Muvi nzima iko kwenye hilo bakuli, umaskini na utajiri havichanganyiki ila kwenye sufuria. Waliipika vizuri pia, nyama ilikuwa laini kweli na pilipili haikuzidi.

Sasa sahani ya tano, na hapa nawalaumu kabisa. Zilikuja dampling, zile kama sambusa ndogo za Kichina za mvuke, sita kwenye kikapu na vijiti. Sisi tukaandika Kung Fu Panda, mwalimu Shifu anamfundisha Po kupigana kwa kumnyang'anya dampling, na Po akiipata ya mwisho anasema hana njaa. Jibu lao lilikuwa hilo, tukapewa tatu. Meza ya jirani wakaandika Oldboy, wakanyimwa. Jamani! Oldboy ya mwaka 2003, jamaa anafungiwa chumbani miaka 15 analishwa dampling hizohizo siku zote, akitoka anazunguka mgahawa mmoja baada ya mwingine anaonja dampling mpaka anaipata ladha yenyewe, na hivyo ndo anajua alikuwa anafungiwa wapi. Yaani yule mtu anafanya kitu kilekile tulichokuwa tunafanya sisi pale mezani, anatambua stori yake kwa kuonja! Ukiwa na usiku wa kutambua muvi kwa msosi hilo ni jibu la heshima kabisa. (Sio muvi ya kuangalia na watoto, hilo naliweka wazi.) Dada mmoja wa ile meza alisimama akaeleza vizuri tu, kwa adabu, mshereheshaji akasema jibu ni moja lililoandikwa kwenye karatasi yake. Mwisho wa usiku sisi tulikuwa na pointi 20, wao 18, wangepewa zile tatu wangekuwa na 21. Zawadi ilikuwa chakula cha mchana cha bure cha watu wanne, na nilipokabidhiwa ile bahasha niliwaangalia wale wenzetu nikaona sio sawa. Sahani ikiwa na majibu mawili ya kweli, yote yapewe pointi, hiyo sio huruma, ndo haki.

Ya sita ndo iliyonifanya niandike yote haya. Walileta vile vyombo vya bati vya duara vinavyopandana ghorofa nne na mshikio juu, ukifungua ghorofa ya kwanza wali, ya pili dengu, ya tatu bamia, ya chini kabisa chapati imekunjwa na ndani ya chapati kuna kikaratasi. Binti akashika mdomo. The Lunchbox, 2013, Irrfan Khan na Nimrat Kaur. Kule Mumbai kuna watu kazi yao kubeba chakula kutoka majumbani kupeleka maofisini, kazi ya tangu karne ya 19, na sifa yao ni kwamba hawakosei. Kwenye muvi wanakosea. Mke anampikia mumewe ambaye hata hamwangalii usoni, chakula kinaenda kwa mhasibu mjane anayekaribia kustaafu, vyombo vinarudi vimekombwa, mke anafurahi kwanza, jioni anagundua sio mumewe aliyekula. Wanaanza kuandikiana barua kupitia chapati. Na ujumbe wa kwanza wa yule mzee, mke amemwandikia kwa moyo wote, yeye anajibu kwamba chakula kilikuwa na chumvi nyingi. Basi tumefungua kikaratasi chetu, kimeandikwa kwa mkono, "chumvi ilizidi". Nimeonja bamia, kweli, chumvi imezidi kidogo, wameizidisha makusudi! Mimi nimekaa kimya. Irrfan amefariki 2020 na mi bado nikiona macho yake kwenye ile ofisi, anafungua chombo, ananusa, naumia. Mtu aliyefikiria kuweka ile chumvi anaipenda muvi kutoka ndani, nilitaka niende jikoni nimshike mkono.

Ndo maana ya saba iliniudhi zaidi. Tulisubiri karibu nusu saa bila taarifa yoyote, muziki wameufungulia mpaka kunong'onezana hamna mnapigiana kelele, alafu ikaja ratatouille ya baridi. Kila mtu alijua ni Ratatouille, sio swali gumu, lakini pale ladha ndo swali lenyewe! Yule mkosoaji Anton Ego, mkavu, hapendi kitu, anaweka uma mdomoni na sekunde hiyohiyo yuko mlangoni kwa mama yake, mtoto mdogo, na kalamu inamdondoka. Ni chakula cha watu wa kawaida wa kusini mwa Ufaransa, bilinganya, hoho, nyanya, ila kwa ajili ya muvi ile ya 2007 mpishi wa Marekani Thomas Keller ndo alishauri zipangwe vile vislesi vyembamba kwa duara. Hapa vislesi vilikuwa vinene kama vya kachumbari ya haraka, bilinganya haijaiva katikati, nyanya inatoa maji. Sasa jamani bilinganya, hoho na nyanya ni mboga zetu za kila siku, genge lolote la Dar zipo, hamna cha kuagiza nje. Mboga hizi bibi yangu alikuwa anazipika na tui kwenye moto wa mkaa na ukila unatulia. Nilikuwa nimejiandaa kurudi kwa bibi yangu na sahani ikaniacha palepale Mikocheni.

Ya mwisho ilikuwa kiatu cha chokoleti, kamba zake tambi. Mjomba akasema ni Chaplin, anakula kiatu kwa sababu ya njaa, anazungusha kamba kwenye uma kama tambi, lakini jina la muvi lenyewe hatukuwa nalo. Ni The Gold Rush, 1925, na mshereheshaji akaeleza kwamba kile kiatu cha kwenye muvi kilikuwa cha peremende nyeusi. Tukapewa pointi moja ya kumtaja mlaji. Sawa kabisa.

Kwahiyo kama unauliza uende au usiende, nenda. Elfu arobaini kwa sahani nane sio ndogo, na ukienda na njaa ya kazini kula kitu kwanza kwa sababu sahani ni za kuonja. Kaa upande wa dirishani mbali na spika. Nenda na mtu mzima mmoja na kijana mmoja, meza za watu wa umri mmoja zilikuwa zinapata zote za zamani na kukosa zote mpya, au kinyume chake.

Lililobaki nimemwambia meneja mwenyewe wakati wa kulipa. Sahani nane, na hakuna hata moja ya kwetu. Queen of Katwe ipo, ya 2016, imepigwa Kampala, Phiona anauza mahindi barabarani na kikombe cha uji kipo kwenye stori ya chesi, wekeni uji na mahindi ya kuchemsha muone watu watakavyohangaika. Meneja, dada mmoja msikivu sana, akawa anaandika. Mjomba akadakia, akamwambia wekeni na The Lion King, maana yule mfalme wa Zamunda kwenye Coming to America, James Earl Jones, ndo sauti ya Mufasa, na malkia wake Madge Sinclair ndo sauti ya mama yake Simba, kwahiyo mkianza na baga isiyo na ufuta mnamalizia na Simba. Dada akauliza, sawa mzee, lakini Simba tutampa chakula gani, nyama? Mjomba akasema hapana, pale wanapoinua gogo na Timon na Pumbaa, Simba anafundishwa kula wadudu. Nyie mna senene.

Dada akaacha kuandika, akauliza senene Dar anazipata wapi. Mjomba akamwambia msimu ni Novemba na Desemba, asihangaike, ndugu zake Bukoba watazikaanga na kuzituma kwa basi. Meza yetu ya Novemba imeshawekwa, na nimewaachia namba yangu wampe yule dada wa Oldboy, kama atapenda tukae nao pamoja.