Uma wa mbele kwa baiskeli ya safari yenye breki za diski: anza na chuma

Ukiwa Lubumbashi na unatafuta uma wa mbele kwa safari ndefu, nunua wa chuma cha kromoli (chuma kilichochanganywa na kromi na molibdeni). Breki ya diski hukamata chini kabisa, karibu na ekseli, tena upande wa kushoto tu, kwa hiyo nguvu ya kukusimamisha wewe na mizigo yako hupita kwenye mguu mmoja wa uma. Kromoli huvumilia kazi hiyo kwa miaka, na ikizidiwa mara nyingi hupinda kabla ya kukatika. Tundu la kufungia keria likivunjika kati ya Likasi na Kolwezi, fundi wa kuchomelea yupo. Tazama wanaoleta makala (mkaa) mjini: kinga zao, yaani baiskeli, huwa na uma wa chuma. Kweli, mguu ulionenepeshwa kwa ajili ya diski hutikisa mikono, lakini tairi la milimita 45 lenye upepo wa kiasi hupunguza shida hiyo kuliko uma wowote.

Wa pili ni kaboni, kwa lami ya Kasumbalesa na mzigo mwepesi. Una karibu nusu kilo, wakati wa chuma huzidi kilo moja, na hutuliza mtetemo vizuri. Ila ukianguka, ufa unaweza kujificha ndani, na si rahisi kupata fundi wa kuuziba. Usizidishe uzito wa mzigo ulioandikwa kwa kila upande wa uma.

Aluminiyamu naiweka ya tatu: haipati kutu, lakini ni ngumu mikononi na huchoka polepole bila kuonyesha dalili. Usikubali kamwe ichomelewe. Uma wenye shoki uache. Ni mzito, mihuri yake (mipira ya kuzuia uchafu) huliwa na vumbi jekundu, na mingi haina mahali pa keria.

Kabla ya kulipa, pima. Ekseli ya gurudumu lako ni ya milimita 9, 12 au 15? Shina la uma, yaani bomba linaloingia kwenye fremu, ni la milimita 28.6 moja kwa moja, au linapanuka chini? Diski kubwa inayoruhusiwa ni ya milimita 160 au 180? Kama ekseli ni ya kufunga kwa wenzo, chagua uma ambao midomo yake (nafasi zinazoshika ekseli) inatazama mbele, maana breki huisukuma ekseli itoke chini. Nenda na sumaku sokoni: aluminiyamu iliyopakwa rangi nyeusi hufanana sana na chuma.