Ushauri usioombwa: mbele za watu au pembeni?

Mwaloni Kirumba, soko la samaki na dagaa jijini Mwanza, ushauri hautafutwi, unakujia. Mtu anaona umeanika dagaa mchangani, anapaza sauti: "Mama, chanja za kuanikia si zipo? Unawalisha watu mchanga?" Soko zima linageuka.

Njia hii ina faida, sikatai. Ni ya haraka, na wengine wanaosikia wanajifunza. Wingu likitanda upande wa ziwa huna muda wa kumvuta mtu pembeni. Piga kelele dagaa wafunikwe turubai, maana dagaa wakinyeshewa kabla ya kukauka wanaoza.

Kwa mengine yote nachagua pembeni. Mwaka wangu wa kwanza niliambiwa mbele ya wateja kwamba dagaa wangu wana mchanga. Ilikuwa kweli, na bado niliendelea kuanika chini msimu mzima, kwa hasira tu. Aliyenigeuza ni bibi mmoja kutoka Igombe. Alisubiri wateja waondoke, akauliza kwanza, "Mwanangu, naweza kukuambia neno?" Nikamwamkia, nikasema karibu. Akachota dagaa kiganja kimoja, akawapepeta juu ya kanga yake. Mchanga ukabaki pale kwenye kitambaa, tukautazama wote wawili. Hakuongeza kitu. Wiki ile ile nikanunua miti na nyavu za chanja.

Kwa anayepokea, sioni tofauti kubwa. Hata ukiambiwa vibaya, sema asante, kisha nenda kapepete mwenyewe. Mimi sikupepeta, na msimu ule dagaa wangu waliishia kununuliwa kwa bei ya chakula cha kuku.