Roki jukwaani: kupiga kama kwenye rekodi, au kubuni papo hapo?
“Dark Star” ya Grateful Dead, bendi ya Marekani, ilitoka 1968 ikiwa haifiki dakika 3. Kwenye albamu yao ya jukwaani ya 1969 inapita dakika 20. Utamu wa kubuni uko humo: besi inageuka, gitaa linaisikia na kuifuata, mpiga ngoma analegeza mkono, nawe hujui wanaelekea wapi. Nausikia mwili mzima. Ila kuna usiku hawafiki popote, na inachosha kweli.

Ukitaka uhakika, kupiga kama kwenye rekodi kunashinda: kiitikio kinakuja pale unapokisubiri, ukumbi mzima unaimba. Mazoezi ni mengi kwa mitindo yote miwili.

Una tiketi moja na nyimbo unazozitamani? Fuata bendi inayopiga kama kwenye rekodi. Ukiweza kurudi usiku wa pili, nenda kwa wabunifu.