TAHADHARI KISUMU: Fundi wa "gundi imekula rangi yako"

Wenzangu wa Kisumu, na nyinyi wa Ahero, Maseno na Vihiga mnaoleta magari mjini kutengenezwa, nawaomba msome haya kabla ya kumwachia mtu funguo. Kuna fundi wa rangi anayenasa watu kwa maneno manne tu: "Gundi imekula rangi yako." Ukimsikia mtu akikwambia hivyo, ondoa gari lako hapo hapo.

Mimi ni mwalimu. Mwaka huu nilinunua Toyota Fielder ya silva iliyokuwa ikitumiwa na kampuni ya kusambaza bidhaa. Milango ya mbele ilikuwa na stika, na mlango wa nyuma ulikuwa na jina la kampuni kwa herufi za plastiki zinazometameta kama kromu. Stika tulizibandua na wanangu Jumamosi moja, zikatoka vizuri. Herufi nazo zilitoka, lakini nyuma yake ikabaki ile tepu yenye sifongo, inayoshika pande zote mbili, imekauka na kushika vumbi jeusi. Ukisimama hatua kumi bado unalisoma jina la kampuni. Nilikuwa nimeshachoka kuulizwa na watu barabarani kama ninabeba mizigo.

Nikatafuta Facebook. Nikaona ukurasa wenye picha nzuri sana za magari kabla na baada ya kazi. Nikapiga simu, nikaelekezwa kwenye kibanda cha mabati kando ya barabara ya kuelekea Mamboleo. Kijana alinipokea kwa heshima zote. Akazunguka gari, akapapasa ile gundi kwa kidole, akatikisa kichwa. Kisha akachovya kitambaa kwenye kopo la thina, akakikunja mara mbili, akasugua sehemu yenye ukubwa wa kiganja kwa nguvu, kwa mviringo, kama mtu anayesugua sufuria iliyoungua. Alipoondoa mkono, pale palikuwa pamefifia, peupe kama jicho lenye mtoto wa jicho.

"Mwalimu, umeona? Gundi imekula rangi yako. Ukiacha hivi kutu itaingia. Hapa ni kupiga mlango wote rangi ya oveni."

Nilishtuka. Niliona kwa macho yangu, ningebisha vipi? Tukakubaliana shilingi 14,500. Nikatuma 8,000 papo hapo kwa namba yake mwenyewe ya simu, bila risiti. Akaniambia niende nikanywe chai, nirudi jioni, kwa sababu rangi haitaki watu, inashika vumbi. Nikarudi saa moja usiku, taa ya kibanda moja, na mlango unang'aa kiasi cha kujiona sura. Alikuwa ameupaka nta. Nikamalizia 6,500. Neno lake la mwisho: "Usioshe wiki mbili, mwalimu, rangi bado inakauka."

Nikatii. Wiki ya tatu nikapeleka gari kwa vijana wa kuosha. Mmoja akaelekeza bomba la presha kwenye mlango wa nyuma, mara akalizima, akaniita: "Mwalimu, hebu kuja uone." Rangi ilikuwa imenyanyuka ukingoni. Nikaivuta kwa ukucha ikaja yote pamoja, laini, kama ganda la kiazi kitamu kilichochemshwa. Na chini yake, ndugu zangu, gundi ilikuwa pale pale. Hakuitoa. Alipaka fila nyembamba, ile lipu ya kusawazisha bodi, juu yake, akapuliza rangi, akafunika kwa nta. Herufi S na U za ile kampuni zilisomeka vizuri kuliko siku niliyompelekea gari.

Nilipompigia, simu iliita mara mbili, kisha nikafungiwa. Ukurasa sasa una jina jingine, picha ni zile zile.

Nilimpata fundi mwingine, mzee mtulivu upande wa Kibuye, na yeye ndiye aliyenifungua macho. Kitu cha kwanza alichofanya ni kulowesha kitambaa cheupe kwa thina na kukigusisha kwenye ile rangi mpya, bila kusugua. Kitambaa kikatoka na silva. Akanieleza kwamba rangi ya gari inayochanganywa na hadena, yaani dawa ya kuikaza, ikikauka sawasawa, haiyeyuki kwa thina namna hiyo. Hii yangu ilikuwa rangi ya kopo la kupuliza, inayokauka kwa hewa tu. Habari ya oveni ilikuwa uongo mtupu. Kuoka rangi ni kuingiza gari au kipande chake kwenye chumba kilichofungwa na kupasha bodi joto la nyuzi karibu 60 kwa takriban nusu saa. Kile kibanda hakikuwa hata na mlango. Nilikiona kwa macho yangu na bado nikaamini neno "oveni". Mtu akikutajia oveni, mwambie akuonyeshe.

Kisha akaniinamisha chini ya jua tuangalie pale palipofifia, ukingoni mwa sehemu ambayo rangi mpya ilikuwa imebanduka. Palijaa mikwaruzo midogo ya mviringo. "Hii si thina, mwalimu. Hii ni msasa." Yaani ndani ya kile kitambaa kilichokunjwa mara mbili kulikuwa na kipande cha msasa. Siwezi kuapa kwamba nilikiona. Lakini mwalimu mwenzangu aliyempelekea gari lake la bluu kijana huyo huyo aliambiwa maneno yale yale, akasuguliwa kwa kitambaa vile vile, na doa lake lina mikwaruzo ile ile ya mviringo. Yeye alikataa bei akaondoka, lakini doa alibaki nalo.

Hili ndilo linaloniuma zaidi ya pesa: rangi yangu haikuwa na shida yoyote. Gundi ya nembo haili rangi. Nembo nyingi zinatoka kiwandani zikiwa zimebandikwa kwa tepu ya aina hiyo hiyo, na zinakaa miaka kumi na zaidi bila kudhuru kitu. Unachoweza kukuta ukiitoa nembo ni kivuli, kwa sababu jua limefifisha rangi ya pembeni na ile iliyofunikwa imebaki mpya. Kwenye gari jekundu au la bluu kivuli hicho kinaonekana sana. Kwenye silva na jeupe ni kidogo. Mara nyingi kinapungua kwa kompaundi, ile dawa ya kusugua na kung'arisha rangi, na mkono wenye subira. Si jambo la kupuliza mlango mzima.

Tena kazi yenyewe ungeweza kuifanya nyumbani. Egesha gari juani saa sita mchana, jua letu hili la Kisumu linatosha kulainisha gundi, au tumia draya ya nywele bila kuikaribisha mno. Chukua uzi wa nailoni, ule wa kuvulia samaki, upitishe nyuma ya nembo na uvute huku na huku kama msumeno. Nembo ikitoka, isugue gundi iliyobaki kwa kidole gumba, itajikunja vipande vipande. Inayokataa, iwekee kitambaa chenye mafuta ya taa dakika chache, kisha uikwangue kwa kadi ya plastiki. Usitumie wembe wala bisibisi. Rudia, kisha osha kwa maji ya sabuni hadi mafuta yote yaishe. Thina iache kabisa, hasa kama hujui historia ya gari, kwa maana likiwa lilishapigwa rangi mtaani, thina itabeba rangi yote. Kabla ya kuvuta, chungulia pia kwa ndani kama nembo ina misumari ya plastiki iliyopita kwenye bati. Ikiwa nayo, kuna matundu, na matundu ni kazi ya fundi kweli.

Mzee wa Kibuye alinieleza kitu kimoja ambacho kila mwenye gari anafaa kukijua. Juu ya rangi yenyewe kuna tabaka lisilo na rangi, mafundi huliita klia, na ndilo linalong'aa na kuzuia jua. Unene wake ni kama sehemu 40 hadi 50 za elfu moja za milimita. Unywele wako ni mnene kuliko hilo. Kila anayekusugulia gari kwa msasa au kwa mashine anakula tabaka hilo, na halirudi. Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo: usiponasa, kompaundi inaweza kuutoa, ukinasa, umeshuka chini sana na kung'arisha hakutasaidia. Wa kwangu ulinasa. Kwa hivyo mlango ambao haukuhitaji rangi sasa ni lazima upigwe rangi kweli, na hiyo ndiyo hasara aliyonifanyia.

Na kama gari lako linahitaji rangi kwa haki, muulize fundi namba ya rangi. Toyota ina kibati chenye namba hiyo, kwenye nguzo ya mlango au ndani ya boneti, penye maandishi C/TR. Yangu ni 1F7. Yule kijana hakuwahi kuitafuta, na mimi sikujua kwamba alipaswa kuitafuta. Silva ni rangi ngumu, ina chembe zinazolala tofauti kulingana na mkono wa mpulizaji, na fundi mzuri atakwambia mapema kwamba itabidi aisambaze kidogo kwenye bodi ya jirani ili tofauti isionekane. Anayekwambia "itafanana mia kwa mia" bila kufungua boneti, muogope.

Kuhusu ile nta: rangi mpya haipakwi nta siku ile ile, inahitaji wiki kadhaa za kupumua kwanza. Aliipaka ili nisione mawimbi ya fila chini ya taa moja. Na lile onyo la kutoosha lilimpa wiki mbili za kubadilisha jina. Chukueni gari lenu mchana, nje, juani. Akisisitiza usiku, mwambie gari lilale hapo mpaka asubuhi, na pesa zilale kwako.

Tayari nimeripoti polisi na nimeandika madai. Waliotapeliwa kama mimi, msifute ujumbe wa M-Pesa wala mazungumzo ya WhatsApp. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, inapokea madai yasiyozidi shilingi milioni moja, huhitaji wakili, na sheria inataka kesi imalizike ndani ya siku 60. Mkiwa na picha za kazi yake, hasa za mikwaruzo ya mviringo, nitumieni kwa ujumbe wa faragha. Jina lake siliandiki hapa kwa sababu nadhani hata hilo alilonipa si lake.

Gari liko kwa mzee wa Kibuye tangu Jumatatu. Ile ngozi ya rangi iliyobanduka nimeihifadhi ndani ya bahasha pamoja na tarehe. Ukiigeuza upande wa chini utaona alama ya S na U.