Reli ya aluminiamu ya kutundikia kichwa cha nyati: uzoefu wangu kwenye ukuta wa tofali

Nasimamia jengo la ofisi na vyumba vya wageni la kampuni ya uwindaji wa kitalii hapa Arusha, na sebule yetu ina vichwa vya wanyama kama ilivyo desturi ya biashara hii: swala pala, kuro, tandala mkubwa, pofu na nyati. Wadogo hawasumbui. Swala pala hata skrubu moja nene na fisha imara vinamtosha. Anayenyima watu usingizi ni nyati. Akishajazwa kuanzia mabegani anafika kilo 35 au zaidi, na chini yake kuna kiti ambacho kila mgeni anataka kukalia.

Kwa ajili yake tuliagiza kutoka Marekani reli ya aluminiamu ya vipande viwili vinavyoumana. Kimoja kinafungwa ukutani, kingine mgongoni mwa kichwa. Kingo zimekatwa mshazari, kwa hiyo unainua kichwa, unakishusha taratibu, na uzito wake wenyewe unakibana ukutani. Reli sina la kuisema vibaya. Aluminiamu yake ni nene, haipindi, matundu yamechongwa vizuri, na mnyama hayumbi kushoto wala kulia kama anavyoyumba akiwa kwenye ndoano moja ya katikati. Bei si haba ukishaongeza usafirishaji, lakini kwa mzigo huu sikuona uchungu.

Tatizo ni skrubu zilizomo kwenye boksi. Ni skrubu za mbao, pamoja na fisha chache nyembamba ambazo nisingezipa hata saa ya ukutani. Zina maana huko zilikotoka. Nyumba nyingi za Marekani kuta zake ni nguzo za mbao zilizofunikwa jipsamu, nguzo hadi nguzo inchi 16, basi fundi anatafuta nguzo na kupiga skrubu humo. Ukuta wetu ni tofali za saruji na plasta juu yake. Karatasi ya maelekezo haina hata mstari mmoja kuhusu ukuta wa namna hiyo.

Halafu kuna ile namba kubwa kwenye boksi: kilo 90. Ukisoma haraka unajiona umeshamaliza kazi, maana nyati hafiki hata nusu. Lakini hiyo ni kwa mzigo unaoshuka wima, kitu bapa kilicholala ukutani kama kioo au picha. Kichwa cha nyati kimejitokeza mbele, kwa hiyo kinavuta chini na kinavuta nje pia. Piga hesabu: uzito wa kilo 35 ukikaa sentimita 40 kutoka ukutani, na kutoka kwenye reli hadi ukingo wa chini wa ubao wa mgongoni kuna sentimita 50, unazidisha 35 kwa 40 unagawa kwa 50. Ni kilo 28 zinazojaribu kung'oa bolti kutoka ukutani, usiku na mchana, mwaka mzima. Hapo hajatokea mtu wa kumshika pembe apige picha. Na wapo, nimewaona.

Kwa hiyo skrubu zao tukaziweka pembeni, tukanunua mjini bolti za kutanuka za milimita 10, zile zenye ganda linalofunguka ndani ya tundu kadiri unavyokaza. Swali likabaki: tuzifunge wapi? Fundi wetu ndiye aliyetoa jibu ambalo ningependa kila mwenye nyumba ya tofali alisikie: linta. Ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, kwenye nyumba nyingi unazunguka jengo zima, na hakuna sehemu ya ukuta inayoshika bolti kama hapo. Tofali zetu za mtaani ubora wake haufanani. Nyingine ukiziwekea bolti ya kutanuka, kule kutanuka kwenyewe kunazipasua. Linta haina mambo hayo, na kimo chake, mita mbili na kidogo kutoka sakafuni, kinafaa kabisa kwa kichwa kikubwa.

Utajua uko wapi kwa kuangalia vumbi la drili. Plasta inatoka laini na drili inaingia bila kubishana. Tofali inatoa mchanga mchanga na drili inaruka ruka. Ikifika kwenye zege sauti inabadilika, inakuwa nzito, na vumbi ni la kijivu, laini kama unga. Hizo sentimita mbili za plasta usizihesabu kabisa. Tundu lipimwe kuanzia zege lilipoanzia. Tulipokuwa kwenye tundu la pili drili ikagoma na kuanza kulia. "Bosi, hapa tumekutana na nondo," fundi akasema, akasogea pembeni kidogo tu. Usimruhusu fundi akate nondo ya linta kwa ajili ya mapambo. Reli hii ina matundu mengi, kuhama hakuna gharama. Puliza vumbi lote litoke kabla ya kuingiza bolti, la sivyo ganda linashika unga badala ya zege.

Kama linta haifikiki, bado kuna nanga za gundi ya kemikali, au kutoboa ukuta mpaka upande wa pili na kupitisha fimbo ya nati yenye bamba la chuma huko nyuma. Inachukiza macho kwa aliye chumba cha pili, ila inashika. Jipsamu tupu, ile ya kugawia vyumba, sahau.

Jambo lingine ambalo maelekezo hayasemi: reli inausukuma ubao mbele kwa juu tu, kwa hiyo chini ubao unaingia ndani na nyati anaanza kutazama sakafu. Weka kipande cha mbao chenye unene uleule wa reli sehemu ya chini, mgongoni. Na hakikisha skrubu za mgongoni zinauma plaiwudi yenyewe, yaani huo ubao wa mgongoni. Nyuma yake ni povu gumu tu, halishiki kitu. Wakati wa kuinua wawe watu wawili na wa tatu wa kuchungulia reli kwa pembeni, mikono kwenye ubao na shina la pembe. Masikio hayashikwi, yanavunjika.

Kabla sijasahau: nyara, yaani kichwa cha mnyama kama hiki, lazima iwe na hati ya umiliki chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Ipige picha hati pamoja na alama zilizo kwenye nyara kabla ya kutundika, maana akishapanda huko juu hutataka kumshusha kwa ajili ya ukaguzi.

Nyati yuko imara na nimeshajivuta kwenye reli mwenyewe kabla hajawekwa. Reli naipa nyota nne. Ya tano imekwenda na zile skrubu. Tandala hatukumwagizia. Seremala alituchania ubao wa mninga kwa nyuzi 45, vipande viwili, bei ndogo sana, na kazi ni ileile, mradi bolti ziwe za maana na ukuta uwe umeujua.