Kinderszenen ya Schumann mikononi mwa Jacques Loussier Trio: uzoefu wangu

Napiga kinanda kanisani mwaka wa 19 sasa, na mwalimu aliyenifundisha Träumerei, kipande kimoja cha Kinderszenen ya mtunzi Mjerumani Robert Schumann, alinikataza kuongeza hata nota moja. Niliposikia kwamba Jacques Loussier na wenzake wawili wameichukua Kinderszenen nzima, yaani Picha za Utotoni, wakaipiga kwa jazi ya kubuni papo hapo, moyo ulinienda mbio. Niliogopa wataivuruga. Nimekaa na albamu hii miezi miwili.

Loussier ni yule Mfaransa aliyejulikana tangu 1959 kwa kuupiga kijazi muziki wa Bach, mtunzi wa kale wa Kijerumani, kwa piano, besi na dramu. Hii ya Schumann ilitoka 2011 chini ya lebo ya Telarc, mwenyewe akiwa ameshavuka miaka 70. Besi iko kwa Benoît Dunoyer de Segonzac, dramu kwa André Arpino.

Schumann alivitunga vipande hivi mwaka 1838, akiwa na miaka 27. Alimwandikia Clara, mchumba wake, kwamba ameandika vidogo kama 30. Alivyovichapisha ni 13. Si mazoezi ya watoto. Ni mtu mzima anayekumbuka utoto wake, na vingi vinaisha kabla ya dakika mbili. Ufupi huo ndio uliowapa watatu hawa nafasi. Wazo la Schumann linachungulia mlangoni na kuondoka; wao wanalikaribisha ndani, wanakaa nalo, besi inalisindikiza.

Kipande cha nne, Bittendes Kind, ni mtoto anayeomba kitu. Sisi tuliolelewa na solfa tutaelewa haraka alichofanya Schumann: kinaishia kwenye so, ti, re, fa zikisikika pamoja, wala hakirudi kwenye do, nota ya nyumbani. Ombi linabaki hewani. Jibu lake ni kipande cha tano, na jina lake ni Glückes genug, yaani furaha tele. Hivi vimeshonwa pamoja.

Na hapa nina lalamiko, ingawa haliwahusu wapigaji. Programu niliyotumia kusikilizia, kwa kifurushi cha bure, inachanganya nyimbo ovyo. Wiki nzima mtoto wa kipande cha nne aliomba, kisha akajibiwa na kipande cha kulala usingizi. Niliumia, maana nusu ya kazi ya Schumann iko kwenye mpangilio. Nikaagiza sidii. Ilichukua wiki tatu kufika na kasha lilikuwa na ufa, lakini sahani nzima na sauti ni safi. Ukiwa na uwezo, nunua, au lipia usikilize kwa mfuatano.

Träumerei yenyewe bado sijakubaliana nayo. Ni wimbo uliojaa hadi ukingoni, kila sauti ya ndani ina kazi yake, na kwa sikio langu dramu haina pa kukaa hapo. Huenda ni mkono wa mwalimu wangu bado uko begani.

Kilichonituliza ni cha mwisho, Der Dichter spricht, mshairi anasema. Nilitoa kitabu cha nota nikafuatilia. Katikati Schumann ameandika nota ndogondogo zisizo na mistari ya kugawa mapigo, kama mtu anayewaza kwa sauti mbele ya piano. Zama zake wapiga piano walibuni jukwaani, na Clara mwenyewe alikuwa akibuni utangulizi wa kuunganisha kipande na kipande. Mimi nilifundishwa kwamba kuongeza ni kukosa adabu. Nimekisikia kipande hicho usiku mwingi, taa imezimwa, na kila mara nasubiri ukimya wa mwisho kabla sijainuka.

Naipa albamu hii nyota nne kati ya tano. Msikilize kwanza Schumann mwenyewe, walau mara mbili, piano peke yake. Halafu wasikilize hawa watatu, kuanzia cha kwanza.