Seti ya kutengenezea bia nyumbani: je, inamfaa mwenye wiki tatu?

Seti hii ya wanaoanza niliinunua mtandaoni hapa Uingereza mwishoni mwa Januari kwa pauni 65, kwa sababu rafiki yangu alikuwa akimbatiza mwanawe baada ya wiki tatu, nami nilikuwa nimeshajitapa mbele ya watu kwamba bia ya siku hiyo itatoka jikoni kwangu. Sikuwa nimewahi kutengeneza hata chupa moja, na zamu zangu za kazi huniachia Jumapili tu, kwa hiyo maneno ya kwenye boksi, kwamba bia huwa tayari kwa wiki mbili, yalinivutia kuliko bei.

Vifaa vyenyewe sina neno navyo. Kuna ndoo ya lita 30 yenye mfuniko na kizibo cha kupumulia (gesi hutokea hapo ikibubujika), mpira wa kuhamishia bia, haidromita (kipimo cha uzito wa kimiminika, ambacho husomeka chini zaidi kadiri sukari inavyopungua), dawa ya kutakasa vyombo, kibanio cha vizibo vya chupa, na kopo la kilo 1.7 la kimea kilichokolezwa kikawa kizito kama asali, kikiwa kimetiwa hopsi tayari, yale maua yanayoipa bia uchungu. Unakiyeyusha kwa maji ya moto pamoja na kilo moja ya sukari, unajazia maji baridi hadi lita 23, na joto likishuka chini ya nyuzi 25 unanyunyiza hamira. Kazi yote ilinichukua saa moja na nusu, na sehemu kubwa ilikuwa ya kuosha vyombo. Kwa mtu aliyekulia Kibosho akimtazama bibi yake akipika ndizi, akisaga ulezi uliooteshwa na kuchemsha magome ya msesewe ili mbege ipate uchungu wake, wepesi huo ulikaribia kunitia haya.

Tatizo ni karatasi ya maelekezo. Imeandikwa kwamba siku ya saba ujaze chupa, basi, kana kwamba hamira husoma kalenda. Jikoni kwangu usiku joto lilikuwa likishuka hadi nyuzi 15, na hamira hii huzubaa kwenye baridi kama hiyo. Jumapili ya pili povu lilikuwa limekwisha na kizibo kimenyamaza, lakini haidromita, iliyoanza kwenye 1.040, ilisoma 1.020 badala ya kukaribia 1.010. Maana yake ni kwamba sukari nyingi ilikuwa bado haijaliwa, na kama ningeifungia kwenye chupa, gesi ambayo ingezidi kuzalishwa humo ingeweza kuzipasua. Niliivika ndoo blanketi nikaisogeza karibu na boila. Wiki moja baadaye kipimo kilikuwa 1.011, na Jumanne usiku, nilipotoka kazini, kilikuwa hapo hapo, ndipo nikajaza chupa.

Chupa nazo huhitaji kama wiki mbili mahali penye joto ili bia ipate gesi, na mimi nilikuwa nimebakiwa na siku tano. Siku ya ubatizo mjomba wa mtoto alionja, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa upole kama ile ilikuwa togwa.

Mara ya pili niliiacha hamira ya kwenye kopo nikatumia kveik, hamira ya mashambani ya Norwei inayofanya kazi vizuri hata kwenye nyuzi 35, nikaizungushia ndoo mkanda wa umeme wa kupashia joto; siku ya tano kipimo kilifika 1.010 na hakikusogea tena. Naamini mtu wa Dar es Salaam asingehitaji hata huo mkanda.

Vifaa navipa nyota tano na maelekezo nyota moja. Anza pia kukusanya chupa mapema: utahitaji kama 45 za nusu lita, na ndani ya boksi hakuna hata moja.